Mama Rangi na Nyota Iliyofifia

Kiwanda cha nguo kilikuwa na mashine ya kupimia rangi, lakini kwa miaka thelathini na moja mashine ile ilipopishana na Mama Rangi, msimamizi alimsikiliza Mama Rangi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye dirisha lisilopigwa na jua, sampuli mkononi, na kusema kama nyuzi zilizotoka kwenye pipa leo zimefanana na za jana. Watu wengine waliona buluu tu. Yeye aliona buluu iliyotolewa mapema na buluu iliyozidishiwa muda, na alijua ni zamu ya nani iliyosinzia. Tangu mlinzi wa getini hadi meneja, wote walimwita Mama Rangi, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Kisha macho yakaanza kumwangusha. Ukungu uliingia polepole, kama mgeni asiyebisha hodi, na siku moja akapitisha robota zima la nyuzi za kijani zisizolingana. Mashati yakashonwa, mkono wa kushoto una rangi yake na wa kulia una yake. Hakuna aliyemgombeza. Walimfanyia sherehe ya kumuaga, wakampa saa ya ukutani na kiti cha kuegemea, naye akarudi nyumbani ameumia kuliko kama wangemfukuza.

Aliyemwokoa ni mwanawe, dereva wa treni ya mizigo. Alimpigia simu akamweleza kwamba huo haukuwa uzee wa kukatiwa tamaa, ulikuwa mtoto wa jicho, na madaktari humtoa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage. Aje mjini, akae nao. Mama Rangi akafunga mzigo.

Ila dereva wa treni ya mizigo huwa nyumbani siku nne, safarini siku sita. Kwa hiyo aliyempokea Mama Rangi, aliyemshika mkono kwenye ngazi za hospitali na kumtia dawa ya matone asubuhi na jioni, alikuwa mkamwana wake. Waliheshimiana mno, na hapo ndipo penye taabu. Hakuna aliyethubutu kufungua dirisha bila kumwomba mwenzake ruhusa. Mkamwana akipika, Mama Rangi alisifu hata chumvi ilipozidi. Mama Rangi akifagia, mkamwana aliona haya, akaja kumpokonya ufagio. Wakila, walisikia vijiko.

Tena kazi ya mkamwana ilikuwa ya kuchunguza nyota. Mama Rangi hakujua amuulize nini mtu wa kazi hiyo. Majirani wa kwao walipomuuliza mke wa mwanawe anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko ofisini, akabadilisha mazungumzo.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji, na baada ya wiki tatu la pili. Asubuhi bandeji ya mwisho ilipotoka, Mama Rangi alisimama sebuleni akatazama kitu kimoja kimoja. Nyekundu ilikuwa nyekundu tena. Nyeupe ilikuwa na weupe wa aina nne. Alicheka peke yake, akashika pazia, akaacha, akashika la pili.

“Mwanangu,” alimwambia mkamwana, “mapazia haya mliuziwa kama pacha?”

Mkamwana akasema ndiyo.

“Si pacha. Ni mtu na binamu yake.”

Mkamwana aliyatazama mapazia mpaka shingo ikauma, asione tofauti yoyote. Baadaye akaenda kabatini, akatoa karatasi zilizokuja nayo. Namba za matoleo hazikufanana: moja lilipakwa rangi mwezi mmoja, jingine miezi mitatu baadaye. Alizikunja zile karatasi akaziweka kwenye mkoba wake.

Siku mbili baadaye walikuwa na miadi ya kukagua jicho, na njia ya kurudi ilipita kwenye kituo anachofanyia kazi mkamwana. Alikuwa na bahasha ya kuchukua, akamwomba mama mkwe wasimame dakika kumi tu. Hizo dakika kumi zilikwenda mpaka saa kumi na moja jioni.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya chini, makabati ya chuma yamefika darini, na kila kabati limejaa bahasha za karatasi ngumu zilizosimama kama vitabu. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na kioo cha ukubwa wa daftari la shule. Hivyo ndivyo watu wa kale wa kituo walivyopiga picha za anga kabla ya kompyuta, na picha zenyewe zilikuwa kinyume: anga jeupe, nyota nyeusi. Nyota iliyong’aa zaidi iliacha doa kubwa na jeusi zaidi. Katikati ya chumba palikuwa na meza yenye taa chini ya uso wake, na pembeni skana kubwa iliyofunikwa nailoni.

Mama Rangi, kwa adabu tu, akauliza ile iliyofunikwa ina nini. Mkamwana akaketi ghafla, kama mtu aliyengoja kuulizwa wiki nzima, akaeleza yote.

Kulikuwa na nyota moja changa. Changa kwa hesabu ya nyota, maana ilikuwa na miaka milioni chache, na bado ilizungukwa na vumbi lililotandaa kama sahani pana. Vumbi la namna hiyo ndilo linalokuja kufinyangika kuwa sayari. Mwaka uliopita nyota hiyo ilififia kwa miezi minane, kisha ikarudi kama ilivyokuwa. Wenzake wengi walisema ni utoto tu: nyota changa hazitulii, mara zina mabaka, mara zinameza vumbi na kuwaka kwa ghafla. Mkamwana hakukubali. Yeye aliamini kwamba fungu zito la vumbi, sehemu ya ile sahani, lilipita mbele ya nyota likaiziba.

“Sasa kama linazunguka,” Mama Rangi akasema, “si lilipita na zamani?”

Mkamwana akamtazama. Ndiyo, hilo ndilo swali lenyewe. Na jibu lilikuwa mle makabatini, katika vioo mia sita vya sehemu ile ile ya anga, vilivyopigwa kwa nusu karne mpaka miaka ishirini iliyopita. Ila skana iliharibika, kipuri chake kilikuwa hakijulikani kitafika lini, na maombi ya kutumia darubini kubwa ya ng’ambo yalikuwa yanafungwa baada ya siku kumi na tisa. Alijaribu kupima kwa macho. Alipofika kioo cha thelathini, madoa yakaanza kucheza.

Mama Rangi akauliza upimaji wenyewe ukoje. Mkamwana akaweka kioo juu ya meza ya mwanga, akampa lenzi ya kukuzia, akamwonyesha: hii ndiyo nyota yetu, na hizi mbili ni jirani zake ambazo hazibadiliki, moja inang’aa zaidi, nyingine hafifu. Kati yao weka ngazi kumi, ya kwanza kwa ile inayong’aa zaidi, ya kumi kwa ile hafifu. Sema yetu imesimama ngazi ya ngapi.

“Kumbe ni kazi ya sampuli,” alisema Mama Rangi, akavuta kiti.

Alianza na kioo kimoja ili asimvunje moyo mkwewe. Alipoinua kichwa alikuwa amemaliza kumi na nne. Kwa kila kimoja alitaja namba, bila kujivuna na bila kusita: tatu, nne, nne, nne kasoro, tatu. Mkamwana aliandika huku akilinganisha, maana vile alivyokwisha kupima mwenyewe kabla ya kuchoka vilikuwa vimo humo, na namba zilikubaliana.

Hata hivyo mtafiti ni mtafiti. Kesho yake alichagua vioo ishirini, akafunika tarehe kwa vipande vya karatasi, akampa mama mkwe asubuhi. Baada ya chakula cha mchana akampa vile vile ishirini, amevichanganya, bila kusema. Kumi na nane vikapata namba ile ile. Viwili vilipishana kwa ngazi moja.

Mama Rangi aliweka lenzi chini. “Hiki chenye pembe iliyomeguka nilikiona asubuhi,” alisema. “Na vyote hivi ni vya asubuhi. Unanipima.”

Uso wa mkamwana ukawaka. Kumpima mama mkwe kama mtoto wa shule halikuwa jambo dogo, na alianza kuomba radhi kwa maneno mengi yaliyogongana. Mama Rangi alimkatisha.

“Kiwandani walinipima kila Jumatatu, miaka thelathini na moja. Usingenipima, ningejua umenileta hapa kuniliwaza.”

Kuanzia siku ile vijiko havikusikika tena mezani. Walikuwa na ya kusema. Walitoka pamoja asubuhi, Mama Rangi amevaa koti jeupe la kuazima lililomfika magotini, wakarudi pamoja jioni wakibishana njia nzima kama kuna kitu kinachoitwa nne kasoro, au mtu achague nne ama tatu. Mkamwana aligundua kwamba mama mkwe wake ana mzaha mkavu unaouma kama pilipili. Mama Rangi aligundua kwamba binti huyu aliyemdhania mpole alikuwa mkaidi kama nyumbu, na akampenda zaidi kwa hilo.

Dereva wa treni aliporudi kutoka safari alikuta nyumba haijafagiwa, jiko limepoa, na mkewe na mamaye wameinama juu ya karatasi moja yenye nukta. Walimwitikia salamu bila kuinua vichwa. Akavua viatu, akakaanga mayai ya watu watatu, na baadaye akawasimulia madereva wenzake kwamba ndiyo siku aliyojua ameoa vizuri.

Siku ya sita ya kazi Mama Rangi alikuwa akitaja namba zake kama kawaida. Tatu. Nne. Tatu. Akabadilisha kioo. Akakifuta kwa kitambaa, akatazama tena.

“Tisa,” alisema.

Kalamu ya mkamwana ikasimama.

“Na hiki tisa. Hiki kumi kamili, imezama hii. Kumi. Tisa.”

Walikwenda hivyo vioo kumi na vinne, mpaka nyota ikapanda tena ikawa tatu, imetulia, kana kwamba haikuwa imekwenda popote. Mkamwana aling’oa vipande vya karatasi, ambavyo tangu siku ya majaribio alifunikia tarehe za vioo vyote, kimoja kimoja, akasoma. Miezi minane, miaka ishirini na nne kamili kabla ya mwaka uliopita. Aliinuka akamkumbatia mama mkwe wake, jambo ambalo hakulithubutu hata siku ya harusi.

Hesabu iliyofuata ilikuwa nyepesi. Kama ni ishirini na nne, basi arobaini na nane. Walifungua kabati la nyuma kabisa, wakatoa vioo kumi na kimoja vya miezi ile, na Mama Rangi akavipitisha chini ya lenzi. Vioo kumi vilisema nyota imefifia. Cha saba, kilichokaa katikati yao, kilisema inang’aa kama kawaida.

Mkuu wa kituo aliitwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeyapima maneno kabla ya kuyatoa. Alitazama namba zote, akakiri kwamba kazi ni nzuri kuliko alivyotarajia. Lakini akasema pia lililo kweli: fungu la vumbi haliwezi kujitenga usiku mmoja katikati ya miezi minane kisha likarudi mahali pake. Kioo cha saba kikibaki, wale wanaosema ni utoto wa nyota watakuwa na la kushika. Akaondoka akiwa na huzuni ya kweli.

Siku saba ndizo zilizobaki. Mama Rangi akauliza, kwani lazima kila kioo kihesabiwe? Mkamwana alijibu kwamba kukiacha kwa sababu hakimpendezi ni udanganyifu, na hatafanya. Mama Rangi hakubisha. Jibu hilo lilimridhisha kuliko alivyoonyesha.

Asubuhi yake aliomba vioo vyote kumi na kimoja vitandazwe mezani kwa wakati mmoja. Hakuchukua lenzi. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, jinsi alivyokuwa akisimama mbele ya nyuzi zilizoanikwa, na hakuyatazama madoa hata kidogo. Alitazama pale ambapo hapakuwa na nyota.

“Kumi hivi ni ndugu,” alisema hatimaye. “Weupe wao una majivu ndani yake. Hiki cha saba kina rangi ya chai iliyotiwa maji mengi. Mwanangu, hiki hakikutoka pipa moja na wenzake.”

Mkamwana alieleza kwamba vioo vilipakwa dawa ya kupigia picha kwenye kiwanda kilichovitengeneza, toleo baada ya toleo, na kila toleo liliwekwa ndani ya boksi lake. Sauti yake ilipungua alipokuwa akieleza, maana alikwisha kuelewa anachoambiwa.

“Basi tutafute jamaa zake,” alisema Mama Rangi.

Walianza kabati la kwanza. Mkamwana alivuta bahasha moja kutoka kila boksi, Mama Rangi akainua kioo kuelekea dirishani, akatikisa kichwa, kikarudishwa. Walifanya hivyo mpaka mabega yakafa ganzi. Ilipokaribia saa tisa alasiri, kutoka boksi la miaka sita baadaye, kilitoka kioo ambacho Mama Rangi alikiinua na kukishikilia muda mrefu.

“Chai hii hapa,” alisema.

Mkamwana alikimbilia rafu ya madaftari ya kazi, yale ambayo wapigapicha wa zamani waliandika kila usiku walichofanya. Akatafuta tarehe iliyoandikwa kwenye bahasha ya kioo cha saba. Mwandiko mdogo ulisema: mawingu tangu jioni, darubini haikufunguliwa. Akatafuta siku ile ile na mwezi ule ule, miaka sita mbele. Hapo daftari lilionyesha kioo kimoja kimepigwa, anga safi, na bahasha yake haikuwamo kwenye boksi. Wakairudia bahasha. Mwaka uliandikwa kwa wino uliopauka, na tarakimu ya mwisho, waliyoisoma wote kuwa moja, chini ya lenzi ilikuwa na kijikofia juu yake. Ilikuwa saba. Mtu fulani, wakati wa kupanga makabati, aliisoma vibaya, na kioo kikakaa ugenini miongo minne.

Safari hii mkuu wa kituo alikuja mbio mbio, jambo ambalo wafanyakazi wa korido ile hawakuwahi kuliona. Alisoma daftari, akatazama kioo, akasoma daftari tena. Kisha akavua miwani.

“Nani amekiona?”

“Mama mkwe wangu,” alisema mkamwana.

Mkuu akamgeukia Mama Rangi akamuuliza amejuaje. Mama Rangi alimwambia kwamba kila pipa lina jamaa zake, na kwamba kiwandani hata mwanafunzi wa miezi mitatu angejua. Hilo la mwisho halikuwa kweli, lakini alikuwa na furaha mno kuweza kujizuia.

Maombi yalipelekwa siku mbili kabla ya kufungwa, yakiwa na mfifio wa mara tatu, umbali wa miaka ishirini na nne kati ya mmoja na mwingine, na jina la Mama Rangi likiwa la pili chini ya la mkamwana. Mkamwana ndiye aliyeliweka, na mkuu akatia saini bila kuuliza. Mama Rangi alipoonyeshwa alisema tu kwamba karatasi nzuri, ingawa wino ungekolea zaidi kidogo. Kisha akaenda msalani, akakaa huko kitambo, akarudi macho yakiwa mekundu. Mkamwana alijifanya ameamini kwamba ni zile dawa za matone.

Walikubaliwa. Darubini kubwa ikaielekea ile nyota kwa nyusiku tatu, na baada ya miezi michache picha zikafika kwenye kompyuta ya mkamwana, saa nne asubuhi, siku ya kazi kama nyingine. Wakati huo Mama Rangi alikuwa amekwisha kwenda kwao mara moja, akasalimia, akachukua nguo za kutosha, akarudi. Mkuu alikuwa amemwomba awafundishe wafanyakazi wawili kutazama vioo, naye alikubali kwa sharti moja: wasinywe soda karibu na meza yake.

Picha ilifunguka polepole. Katikati nyota, kuizunguka ile sahani ya vumbi iliyolala mshazari, na kando kidogo ya nyota, palepale hesabu ilipoonyesha, kinundu kizito kinachoendelea na safari yake. Chumba kizima kilisogea. Mtu mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata. Mkamwana alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, ameshika mkono wa mama mkwe wake kwa nguvu mpaka ukamuuma.

Mama Rangi aliinama, akakitazama kile kinundu kwa jicho la kazi.

“Kitarudi lini mbele ya nyota?”

Mkamwana akajifuta uso. “Miaka ishirini na tatu kutoka sasa, mama.”

Mama Rangi akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. “Nitakuwa na themanini na saba,” alisema. “Haya, miezi hiyo minane msinipangie kazi nyingine.”

Walicheka mpaka watu wa ofisi za jirani wakaja kuchungulia. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kugeuka, anawauliza wanafunzi wake wawili nani ameacha alama za vidole kwenye kioo cha juu, na kitambaa kiko wapi.